Kutu ya Upanga wa Lionja

Mwezi uliopita niliumwa jino. Nililivumilia siku nne, kwa sababu kwa siku hizo nne nilikuwa sijaamua kama ni jino kweli au ni mawazo, na kama ni jino, ni hili au la pembeni yake. Siku ya tano nikaenda zahanati. Muuguzi, binti wa rika langu, akachovya pamba kwenye kichupa cha kahawia na kunibandikia. "Mafuta ya karafuu tu," akasema, "usiogope." Sikuogopa. Nililia. Akaniuliza kama inauma sana, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, maana ningeanzaje kumweleza mtu mwenye foleni mlangoni kwamba harufu ile imenirudisha Nachingwea, kwenye nyumba yenye sakafu nyekundu, Jumapili baada ya kanisa, baba akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake la panga?

Ninyi wenzangu mliokulia kwenye nyumba za serikali mtakumbuka jinsi kila kitu kilivyokuwa na namba. Kitanda kilikuwa na namba, meza ilikuwa na namba, hata kiti kilichovunjika mguu kilitunzwa kwa sababu ya namba yake. Kitu pekee kisicho na namba katika nyumba yetu kilikuwa lile sanduku la mninga chini ya kitanda cha wazazi wangu. Tulikuwa watu wa kuja. Baba alitoka Upare, akahamishiwa kusini kuwa bwana shamba, na kazi yake ilikuwa kuzunguka na pikipiki vijijini akikagua mikorosho. Lakini moyo wake ulikuwa ndani ya sanduku.

Babu yangu alikuwa askari katika vita vya Burma. Aliporudi alibeba upanga wa ofisa wa Kijapani, na siku ya kushuka melini mkubwa wake mmoja Mzungu akauchukua, akampa pakiti mbili za sigara. Babu aliisimulia habari hiyo mpaka anakufa. Baba alikua akiusikia upanga ambao haupo, urefu wake, uzito wake, jinsi ulivyopinda kidogo kama mgongo wa samaki. Alipofika kusini akagundua kwamba huko nako walikuwapo wazee wa Burma, na wachache kati yao walikuwa na akili ya kuficha mizigo yao vizuri kuliko babu. Ndipo akaanza kununua.

Wa kwanza aliupata Namungo kwa mzee aliyekuwa akiutumia kukatia miwa, ncha ilishavunjika. Wa pili ulikuwa mzima, lakini baba aliusikitikia zaidi, kwa sababu ulikuwa na muhuri wa kiwandani, yaani haukufuliwa na fundi. Hayo aliyajua kutoka kwenye kitabu alichoazimwa na daktari mmoja wa misheni. Lugha ya kitabu hakuijua. Alisoma picha. Kwenye picha alijifunza kung'oa kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, akavuta mpini ukatoka, na kuutazama mkia, yaani ile sehemu ya chuma inayojificha ndani ya mpini. Huko ndiko mafundi wa zamani walikochonga majina yao. Alijifunza pia kuweka karatasi juu ya mkia na kuisugua kwa penseli mpaka alama zijitokeze, na kuufuta upanga kwa kitambaa laini na tone la mafuta ya karafuu.

Mimi nilijua matumizi mamoja tu ya mafuta ya karafuu. Kwa hiyo niliamini panga zinaumwa meno. Jumapili baada ya Jumapili nilikaa kando nikimwangalia baba akizitibu, naye hakunisahihisha. "Leo huyu amelala vizuri?" nilimuuliza. "Amelala," alijibu, "ila yule wa Namungo analalamika."

Habari za upanga wa tatu zilimfikia kwenye mkutano wa wakulima. Akanipakia mbele yake kwenye pikipiki, tukaenda Lionja kwa mjane mmoja aliyeitwa Bibi Somoe. Mume wake alikuwa askari wa Burma, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji. Tulimkuta uani akipeta ufuta, punje zikiruka na kurudi kwenye ungo kama zinamjua.

"Karibu, Bwana Shamba," alisema bila kuinuka. "Mikorosho yangu imekosa nini tena?"

"Mikorosho haina kosa leo, bibi. Nimesikia marehemu aliacha upanga."

"Aliacha."

"Naomba niuone."

"Haupo."

"Umeuzwa?"

"Nani auze? Umelala kwa mzazi. Hadija kajifungua juzi, uko chini ya kitanda chake. Akitimiza arobaini utarudi. Na wewe rudi."

Akatueleza huku ungo ukiendelea. Mwanamke akijifungua, huwekewa chuma chenye makali kitandani ili mabaya yasimsogelee mtoto. Mahali pengine huweka kisu cha jikoni, au shoka. Lakini tangu mume wake arudi vitani, wanawake wa Lionja waliona hakuna sababu ya kisu cha kukatia mboga wakati kuna upanga. "Wa kwanza kuulalia ni mwanangu mwenyewe," alisema. "Sasa ana ndevu."

Tulirudi siku ya arobaini na moja. Upanga ulikuwa umeshakwenda kwa mzazi mwingine.

"Lionja hawapumziki?" baba aliuliza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akikaribia kulalamika.

"Mwaka jana mvua ilikuwa nzuri," bibi akajibu. "Watu walishiba." Kisha akanigeukia. "Mke mwenzangu, mwambie babako asiwe na haraka. Mwenye haraka hapa ni mtoto tu, naye hupigwa kibao akitoka."

Mimi safari zile sikuziona kuwa za babu wala za kitabu. Mama yangu alikuwa mjamzito. Kabla ya mimba hiyo, kwenye kituo cha kazi tulichotoka, alijifungua nyumbani mtoto wa kiume ambaye hakumaliza siku kumi. Sikuambiwa chochote, lakini kila mwezi mama alinichukua kliniki pale Nachingwea, tukakaa kwenye benchi na wajawazito wengine, na muuguzi mnene mwenye sauti ya mwalimu wa zamu alitusomea: "Wembe wenye kutu, kisu chenye kutu, msumari wenye kutu! Kutu inaua mtoto mchanga!" Wanawake waliitikia. Mama hakuitikia. Aliangalia mikono yake. Nami nikajua kilichomuua mdogo wangu.

Basi baba alipozidi kwenda Lionja, nilielewa. Alikuwa anautafuta ule upanga kwa ajili ya kitanda cha mama. Ilikuwa wazi kiasi kwamba sikuona haja ya kumuuliza mtu. Nimefikiria sana, tangu nilipokuwa mkubwa, kwa nini sikuuliza. Siku hizi nauliza kila kitu mara tatu, hata kama basi lililoandikwa Lindi linakwenda Lindi. Huenda nilianza pale.

Safari ya tatu tuliukuta. Bibi Somoe aliutoa ndani umefungwa kwenye kanga kuukuu, akauweka juu ya mkeka. Mpini na ala vilikuwa vya kijeshi, vya kawaida, na baba nusura avunjike moyo. Kisha akauchomoa. Kando ya makali kulikuwa na mstari mweupe unaopanda na kushuka, kama ukungu wa asubuhi bondeni. Akatoa msumari na kipande cha mti mfukoni, akagonga kijiti cha mwanzi, akavuta mpini. Mkia ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni.

"Naeli," aliniita, "njoo uone kutu."

Sauti yake ilitetemeka. Akapitisha kidole juu ya ule weusi bila kuugusa. "Kutu nyeusi namna hii haiji kwa miaka thelathini. Wala mia. Angalia, kuna maandishi."

Mimi sikusikia habari ya miaka wala maandishi. Nilisikia neno kutu, nikasikia na baba yangu anatetemeka.

Akaweka karatasi juu ya mkia, akasugua kwa penseli. Alama mbili zikatokea, zenye mistari mingi, kama vibanda viwili vya fito. Kisha akageuka na kumwomba bibi amtajie anachotaka. Bibi hakufikiri. Alinyoosha kidole juu, kwenye makuti ya paa lake yaliyooza.

"Mabati," alisema.

Mabati yalikuwa hayapatikani. Mlikuwapo, mnajua: hata sabuni ilikuwa habari ya kunong'onezana. Lakini baba alikuwa na kibali cha mabati ishirini ya kujengea kwetu Upare, na wiki ileile yalifika Ruangwa. Alikwenda na lori, akayapakia, akayashusha Lionja. Mama alipojua alikaa kitako kwenye kiti chenye namba.

"Baba Naeli, umetoa paa letu kwa panga?"

"Upanga mmoja, mama. Ila ni mmoja kweli."

"Na sisi tukalale chini ya huo upanga?"

Niliona mama ameelewa kama mimi. Nilifurahi.

Siku ya kuuchukua, Bibi Somoe alisita kidogo na kanga yake mkononi. "Zainabu amebakiza wiki chache," alisema. "Nilikuwa nauweka kwa ajili yake." Akatazama paa jipya linavyomeremeta. "Basi. Tutamtafutia kisu." Baba aliangalia chini, lakini aliupokea. Tulirudi Nachingwea jua la alasiri likituchoma migongo, upanga umefungwa kando ya pikipiki, mimi nikihesabu vijiji. Nilimfikiria Zainabu nisiyemjua. Nikajiambia kwamba mama yangu ana haki zaidi, kwa sababu yeye ameshapoteza mmoja.

Tulipofika, baba aliuweka ndani ya sanduku.

Ndani ya sanduku, na akalifunga! Nilisubiri siku ile, na ya pili, na ya tatu. Hakuuweka kitandani. Nililifikiria jambo hili kwa nguvu zangu zote za miaka minane, na nikapata jibu: baba anaogopa ile kutu. Ameuona mkia ule. Anajua upanga ukiwa na kutu hauwezi kukaa karibu na mtoto mchanga, na hajui la kufanya.

Mama alishikwa na uchungu asubuhi moja. Baba akampeleka hospitali, akaniacha kwa jirani, Mama Sudi, aliyenipikia uji na kwenda kufua nguo zake. Nikarudi kwetu; nilijua ufunguo ulipo. Nililivuta sanduku, nikautoa upanga wa Lionja, nikauburuta uani nyuma ya jiko. Nilikuwa nimemwangalia baba mara nyingi. Kijiti cha mwanzi kilitoka kwa pigo la pili. Mpini ulinishinda, nikaushika kwa miguu nikavuta mpaka nikaanguka chali.

Makali sikuyagusa. Yalikuwa safi, na niliyaogopa. Nilichukua majivu ya jikoni, mchanga mlaini, gunzi la muhindi na ndimu mbili za mama, nikausugua ule mkia kama tulivyofundishwa kusugua sufuria za shughuli. Mwanzo maji yalitoka meusi. Kisha yakatoka ya rangi ya chai. Vidole vilichubuka, ndimu ikaniwasha, nikaendelea. Kwenye yale maandishi kutu ilikuwa imejikita, basi nikatafuta jiwe. Nilisugua mpaka vibanda viwili vya fito vikaondoka na mwisho nikajiona usoni, uso mrefu mwembamba unaocheka. Nikausuuza kwa maji ya moto, kwa sababu mama alichemsha kila kitu cha mtoto. Nikaufuta. Nikautia tone la mafuta ya karafuu asije akaumwa. Kisha nikausukuma chini ya kitanda upande anaolala mama.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nasema kwa uangalifu, nimeipima.

Walirudi kesho yake mchana. Mdogo wangu alikuwa amefungwa kwenye kitenge, mwekundu, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa jambo dogo. Mama akalala. Baba akainama kusukuma mkoba chini ya kitanda, mkono wake ukakuta chuma.

Aliutoa taratibu. Akaenda nao dirishani. Aliugeuza upande huu, akaugeuza upande ule, akapitisha kidole mahali palipokuwa na jina. Kisha akakaa sakafuni, palepale, na suruali yake ya kazi.

"Nani kasugua?"

"Mimi."

"Kwa nini, Naeli?"

"Ulikuwa na kutu," nikamwambia. "Kutu inaua mtoto."

Mama alifumbua macho. Mdogo wangu alikuwa anatafuta ziwa kwa pua. Nilimwona baba akinitazama, kisha akatazama vidole vyangu vilivyochubuka, kisha akamtazama mama, nao wakatazamana muda mrefu. Nilikuwa najua mtu mkubwa akikasirika anavyokuwa. Huyu hakuwa hivyo, na ndiyo sababu niliogopa.

"Baba Naeli," mama akasema polepole, "chukua chuma chako ukiweke mahali pake."

Baba akatafuta mpini, akaurudisha, akagonga kijiti. Kisha akauingiza upanga kwenye ala, akapiga magoti, akausukuma chini ya kitanda, mpaka usawa wa kichwa cha mtoto. "Hapa ndipo mahali pake," alisema.

Ulikaa siku arobaini. Siku ya arobaini na moja alinipakia kwenye pikipiki, tukaenda Lionja. Bibi Somoe alituona kwa mbali akasimama na ungo mkononi.

"Mabati sirudishi!"

"Sijaja kwa mabati, bibi. Zainabu hajambo?"

"Kajifungua. Tulimwekea kisu cha mboga. Mtoto analia kutwa kucha, mama yake anasema ni kisu, mimi nasema ni tumbo."

Baba akafungua kanga. Akauweka upanga juu ya mkeka, palepale alipouona mara ya kwanza. "Mpelekee."

Bibi alimtazama kama mtu anayeangalia mbegu asiyoijua. "Na ukiisha kwake?"

"Kwa anayefuata."

"Na mabati?"

"Mama Naeli amejifungua salama. Hesabu ni shukrani ya mzazi."

Bibi akaguna. Akaniuliza mdogo wangu anaitwaje, nikamwambia, akalirudia jina mara mbili. Kisha akaanza kutaja majina ya watoto wote waliolala juu ya upanga ule, tangu yule mwenye ndevu, akikunja vidole na kuvikunjua. Baba akatoa daftari na kuandika. Tulikaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia.

Hakununua upanga mwingine. Mimi nilikua, na nikiwa chuo kikuu nikakuta maktabani kitabu cha Kiingereza kuhusu panga za Kijapani. Nilikisoma nimesimama. Kilisema mnunuzi hutambua umri wa upanga kwa kutu ya mkia, na kwamba mtu akiisafisha kutu hiyo ameharibu kisichorudishika. Nilikirudisha kwenye rafu, nikaenda kunawa mikono. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimejua kwamba nilikosea; siku ile nilijua ni kwa kiasi gani. Tangu hapo nimejaribu kulitafuta kosa katika hesabu yangu ya utotoni. Chuma chenye makali humlinda mtoto. Kutu humuua. Kwa hiyo toa kutu, weka chuma. Bado sijaona ni mstari upi niliokosea, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Nilimwambia mdogo wangu, ambaye sasa anabalehe na sauti inamkatika. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mimi nina thamani ya mabati ishirini," alisema. "Dada, wewe una thamani ya nini? Kiti chenye namba?"

Baba amestaafu, yuko Upare chini ya paa alilokuja kulipata baadaye sana. Nilipohitimu alinipa lile daftari bila maelezo. Kila upanga una ukurasa wake: ulikopatikana, urefu, alama, hali ya mkia. Kwenye ukurasa wa Lionja imebandikwa ile karatasi ya penseli yenye vibanda viwili, ambavyo mpaka leo sijui vinasema nini. Mara tatu nimeandika barua kwa watu wanaoweza kuvisoma, mara tatu nimeichana. Chini yake ni majina ya watoto, la mwisho la mdogo wangu. Nilisoma mbele na nyuma nikitafuta nilichokifanya. Hakukiandika popote. Ila kwenye mstari wa hali ya mkia alikuwa ameandika siku ya kwanza, "kutu nyeusi, nzuri sana." Maneno hayo yamekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na mbele yake, kwa mwandiko wake wa kazi, neno moja: safi.

Nimelichunguza neno hilo kwa wiki nyingi. Nimeutazama mkazo wa kalamu kama kuna hasira. Sioni.

Barua yangu ya kazi imefika juzi. Nimepangiwa kufundisha Ruangwa. Nimeshafungua begi mara nne kuhakikisha vyeti vimo. Vimo. Pembeni yake nimeweka kichupa cha mafuta ya karafuu kutoka kwa yule muuguzi, nimekifunga kwenye soksi, soksi nikaifunga kwenye kanga. Nikifika nitatafuta usafiri wa Lionja. Sitauliza upanga uko wapi. Nitauliza nani amejifungua.